Siku Mama Zoada Alipoinyamazisha Campina

Sauti ya Lindalva ilijulikana Campina Grande nzima kabla mwanawe hajajulikana popote. Akisimama kwenye kona ya mtaa wetu wa Alto da Lenha na sufuria lake la pamonha, mahindi mabichi yaliyosagwa yakachemshwa ndani ya maganda, aliweza kumwita mteja aliyekwisha kuvuka barabara na kupanda basi, na mteja akashuka. "Pamonhaaa! Pamonha ya moto! Njooni mle kabla sijaila mwenyewe!" Watoto wa shule hawakuhitaji kuamshwa na mama zao. Padri alishawahi kumwomba asogee mbali kidogo na kanisa wakati wa mahubiri, naye akamjibu kwamba padri asogeze mahubiri mbali kidogo na wateja wake. Ndivyo alivyokuwa, na hakuna aliyetarajia abadilike.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, Mungu akampa mtoto ambaye dunia yake yote ilikuwa masikioni. Erivan alizaliwa na ukungu machoni, na hata hajaanza shule ukungu ukawa umefunga kabisa. Lindalva alilia, akagombana na madaktari, akagombana na Mtakatifu Yohane mwenyewe aliyekuwa ametundikwa sebuleni. Akaigeuza picha yake, ikakaa inatazama ukuta. "Kama humtazami mwanangu, mimi sikutazami wewe," akamwambia. Baadaye akaigeuza tena, maana mtoto alikuwa ameanza kucheza mpira barabarani, na ilibidi apatikane mtu wa kumwangalia.

Mpira wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa raba nyekundu iliyopauka. Lindalva aliufunga ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani ili ukiviringika usikike. Erivan aliifuata ile sauti ya plastiki kupita kwenye kamba za nguo, kupita mbuzi wa jirani, hadi ukutani, na kwa muda mrefu ni ukuta uliokuwa ukishinda. Magoti, viwiko na paji la uso vilijaa makovu. Watoto wenye macho walimcheka mwanzoni. "We Erivan, mpira huo hapo, mbele ya pua yako!" Akishaupata, hapakuwa na mtoto wa kumnyang'anya mpaka mama yake apige ukelele wa chakula, na hapo hata watoto wa mitaa mingine walikwenda kula.

Alipokua wakampeleka kwenye taasisi ya vipofu, na huko akakuta kwamba mchezo wake una wenyewe. Hauna siri kubwa. Wachezaji wote ni vipofu isipokuwa kipa, na wote hufungwa kitambaa machoni ili asiwepo mwenye chembe ya mwanga wa kuwazidi wenzake. Mpira una njuga ndani. Anayeufuata lazima apaze sauti, "Voy!", yaani naja, wasije wakapasuana vichwa. Nyuma ya goli la wapinzani husimama mwitaji wako, mtu mwenye macho, akikuelekeza kwa mdomo goli liko wapi. Na watazamaji kazi yao ni moja tu, kunyamaza. Ukishangilia wakati njuga zinatembea, umewapofusha wale watu mara ya pili. Goli likiingia, hapo ndipo upasue koo upendavyo.

Hebu fikiria kumwambia hivyo mtu wa Campina! Na katika watu wote wa Campina, fikiria kumwambia hivyo Lindalva!

Erivan alikuwa kijana wa miaka kumi na sita alipocheza fainali yake ya kwanza ya jimbo. Mama yake alikwenda na dada wote wa kijana, wakakaa nyuma ya goli, na kwa kweli alijitahidi. Aliuma kanga... la, huko kwetu hatuna kanga, aliuma pindo la aproni yake mpaka ikatoboka. Dakika za mwisho ikatoka penalti, Erivan akaambiwa apige yeye. Mwitaji akagonga mwamba huu, akagonga mwamba ule, ting, ting, ili apate kipimo cha goli. Uwanja kimya. Erivan akaanza kukimbia, na Lindalva akamwona kipa anaegemea kushoto. Ewe mama weee! Aproni ikatoka mdomoni.

"Kulia, mwanangu! Kulia! Kipa kaenda kushoto!"

Kijana gani asiyemtii mama yake? Akapiga kulia. Ila Lindalva alikuwa nyuma ya goli, anatazamana na mwanawe, na kulia kwa mama kulikuwa kushoto kwa mtoto. Erivan akapiga kulia kwake yeye, mpira ukaenda kutulia mikononi mwa kipa, kipa akaubusu.

Mwamuzi akapuliza filimbi, akanyoosha kidole kwenye lango la kutokea. Lindalva akapita mbele ya watu wote na kapu lake la pamonha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Jioni ile wachezaji wenzake wakampa Erivan jina. Wakamwita Zoada, ambalo kwa watu wa kwetu, kaskazini-mashariki mwa nchi, maana yake ni kelele, ghasia, makelele yasiyo na adabu. Kwetu mchezaji mpira hana haki ya kujichagulia jina. Akishabatizwa na wenzake, hata cheti cha kuzaliwa hakimsaidii.

Usiku wakawa mezani wanakula. Mwishowe Erivan akacheka. "Mama, sijakasirika, kweli. Lakini kipa nilikuwa nimeshamsikia mwenyewe. Viatu vyake vililia. Nilijua anakokwenda."

"Sasa kwa nini ukanisikiliza mimi?"

"Kwani kuna mtu anayeweza kutokukusikiliza?"

Lindalva akainuka, akaenda kusimama mbele ya Mtakatifu Yohane, akaweka nadhiri. Hatakanyaga ndani ya uwanja anaocheza mwanawe mpaka siku atakapokuwa amejifunza kunyamaza. Erivan akasikia kutoka mezani. "Basi mama, ndiyo hutakuja tena," akasema, akimtania. Utani ule ukawa kweli, tena kweli ndefu.

Maana Zoada alipaa. Kutoka timu ya taasisi akachukuliwa timu ya jimbo, kutoka jimbo akavaa jezi ya njano ya taifa, akapanda ndege, akarudi na medali shingoni, akapanda tena. Alikuwa anaubana mpira katikati ya miguu yake miwili, tik-tak, tik-tak, unahama mguu huu kwenda huu karibu mno hata mabeki wakawa hawajui njuga ziko upande gani. Waliocheza naye walisema ukimkaba Zoada unasikia mpira kila mahali isipokuwa ulipo. Ugenini watoto vipofu walikuwa wakiomba waishike miguu yake. Naye akirudi nyumbani, Jumatatu yuko kazini zahanati, anakanda migongo ya watu, anasikiliza malalamiko ya viuno vyao, na kuwatania wanaojikaza.

Mchoraji mmoja akaichora sura yake kwenye ukuta wa soko, kubwa, na kwa heshima akampa macho mawili mazuri yaliyofunguka. Lindalva alipita, akasimama. "Huyu nani?" Mchoraji akajibu, "Si mwanao, Dona Lindalva!" "Mwanangu simjui huyu. Mfunge macho, ndipo atafanana." Mchoraji akapanda ngazi, akayafunga.

Mwitaji wake naye, kwa miaka yote hiyo, alikuwa dada yake mdogo, Rosicleide. Alirithi koo la mama, lakini lake lilikuwa na kifuniko. Alijua lini afungue na lini afunge. Na Lindalva? Timu ikicheza nyumbani aliweka jiko lake nje ya lango la uwanja, akachoma mahindi, akasikiliza. Kimya, kimya, kimya, halafu paa! uwanja unalipuka, naye anajua mwanawe amefunga. Mechi za Zoada alizijua jinsi Zoada alivyoujua mpira, kwa masikio tu. Watu wakimhurumia alikuja juu. "Mnanihurumia nini? Nyie mliingia mkaona nini cha zaidi? Goli ni goli."

Lakini aliumia. Asikudanganye mtu, aliumia.

Ikafika mwaka ambao magoti ya Zoada yalianza kujibizana naye. Akatangaza kwamba fainali ya vilabu ya mwaka ule, baina ya taasisi yetu na timu ya Curitiba, mji wa kusini mwa nchi, ndiyo mechi yake ya mwisho. Tena itachezwa nyumbani. Mtaa mzima ukafurahi, mpaka tulipoambiwa tarehe.

Tarehe ishirini na tatu Juni, jioni.

Jamani! Mkesha wa Mtakatifu Yohane! Siku ambayo Campina Grande kila nyumba inawasha moto mlangoni, kila mtoto ana fataki mfukoni, na kodiani, ngoma na pembetatu za chuma zinalia kila kona mpaka kuche. Waliopanga walikuwa kamati iliyokaa kusini kabisa, ambako Juni ni mwezi wa kutafuta sweta. Kocha Valmir akawapigia simu, akawaeleza, akawabembeleza. Jibu likaja kwamba ratiba imeshatoka, na kama wenyeji hawawezi kuhakikisha utulivu, mechi ihamishiwe Curitiba. Valmir akataka kukubali. Zoada akakataa.

"Nimeshinda nchi za watu," akasema. "Nataka kumalizia pale mama anapochomea mahindi. Sitaki Curitiba."

Asubuhi ya siku yenyewe akamkuta mama yake anamenya mahindi uani. Akachutama kando yake, akachukua hindi, akaanza kumenya naye.

"Mama, leo ingia."

"Niingie nikufanye nini? Nikuharibie tena?"

"Ilikuwa zamani ile."

"Mdomo si ni uleule? Mwanangu, mimi nikiona kipa anaegemea, siwezi. Najijua. Niache nje na moshi wangu."

"Hii ya mwisho, mama. Baada ya leo hakuna ya kuingia wala ya kutoka."

 Lindalva aliendelea kumenya, anamenya na maganda na punje pia, mpaka Zoada akamshika mkono.

Jioni uwanja ukajaa. Wazee wa taasisi, wagonjwa wa zahanati, watu wa soko, wote wameketi wamefumba midomo. Ndani walikuwa tayari, tatizo lilikuwa nje. Mechi haijachangamka, fataki ikapasuka mtaa wa nyuma, beki wetu akageuza kichwa, njuga zikampotea, na mtu wa Curitiba akateleza na mpira mpaka wavuni. Moja bila. Mwamuzi akasimamisha mchezo, wakangoja moshi na sauti vitulie, wakaanza tena. Kidogo tu, Mzee Biu, mpiga kodiani wetu, akaanza kufungua mkesha mbele ya nyumba yake na ngoma mbili nyuma yake. Filimbi tena. Mwamuzi, mtu wa watu asiye na kosa lolote isipokuwa kuzaliwa mbali, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kelele zikiingia uwanjani mara moja tena, atavunja mchezo na utarudiwa Curitiba. Kisha akapuliza mapumziko.

Rosicleide akatoka langoni mbio, amekasirika mpaka machozi. "Mama! Wanataka kutupeleka Curitiba!"

"Nani anataka?"

"Mwamuzi! Fataki moja tena, basi. Zoada amekaa chini, anasikiliza mtaa. Mama, nani ataweza kuinyamazisha Campina leo?"

Lindalva akaifungua aproni, akaiweka juu ya kiti chake. Akachukua ndoo ya maji akaimwaga kwenye jiko lake mwenyewe, mahindi yakalia chwaaa. "Rudi ndani," akamwambia binti yake. "Ukaite vizuri."

Sasa ujue jambo moja la mtaa wetu. Mkesha wa Mtakatifu Yohane, watu wawili wakishikana mikono juu ya makaa ya moto wa mlangoni, wakaruka mara tatu na kulitaja jina la mtakatifu, wamekuwa ndugu wa moto. Ni undugu wa kweli. Ndugu wa moto humwiti kwa jina tena, unamwita komadre, au kompadre kama ni mwanamume, na akikuomba kwa jina la moto wenu, humkatalii. Wengine huruka na mtu mmoja maisha yao yote. Lindalva, tangu utotoni, aliruka na yeyote aliyepita. Nusu ya Alto da Lenha ilikuwa ndugu zake, na miaka yote hiyo hakuwa amemwomba mtu hata chumvi.

Alianza na Mzee Biu. "Kompadre! Funga hiyo kodiani!"

Mzee Biu akacheka mpaka kofia yake ya ngozi ikamteleza. "Komadre, leo? Unajua leo ni lini?"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba kwa moto wetu. Mwanangu anacheza ya mwisho. Nipe kimya mpaka usikie uwanja unalipuka kwa mara ya mwisho, halafu pigeni mpaka mfe."

Mzee Biu akamtazama. Akaibana kodiani, akaifunga kamba yake. "Vijana, chini ngoma," akasema. "Mmesikia komadre kasema tupige mpaka tufe. Tutunze nguvu."

Kutoka hapo Lindalva akashuka mtaa mzima, mlango kwa mlango, anapaza sauti kuomba kimya, na hakuona cha kuchekesha ndani yake. "Komadre Zefinha, wanao na hizo fataki, ndani! Kompadre Tonho, redio! Nani anampiga mbwa huyo? Mwacheni alale!" Watu walitoka milangoni wakidhani kuna msiba. Waliposikia ni kwa ajili ya Zoada, wakakaa kwenye viti vyao kando ya mioto, mikono magotini. Kina mama wakawafunga watoto midomo kwa vipande vya keki ya mahindi. Alipofika njia panda akavuka, akaingia mtaa wa pili, akaanza upya. Kutoka uwanjani filimbi ya kipindi cha pili ikalia, na yeye bado hajafika kwa Gorete.

Gorete ndiye aliyekuwa na baruti. Wanawe walikuwa wakitengeneza makombora ya karatasi tangu Pasaka, na yalikuwa yamepangwa uani, yananing'inia tambi zake, yanangoja kiberiti. Huyu naye alikuwa ndugu wa moto wa Lindalva, wa kwanza kabisa, wameruka wakiwa wasichana. Lakini hawakusemezana tangu mashindano ya kanjika ya kanisani, pale Lindalva alipotangaza, kwa sauti yake ileile, kwamba uji wa mahindi wa Gorete unafaa kubandikia mabango.

Gorete alikuwa amesimama mlangoni, kiberiti mkononi, mikono kiunoni. "Wewe?" akasema. "Wewe Lindalva ndiye unakuja kuniambia mimi ninyamaze?"

"Ndiyo, mimi. Nani mwingine anajua ugumu wake?"

Gorete akataka kucheka, akajizuia. "Kwa moto wetu nitanyamaza. Lakini kwanza sema kuhusu kanjika yangu."

"Gorete, mechi inaendelea!"

"Basi sema upesi."

Lindalva akageuka akatazama barabara, majirani wamejipanga pande zote mbili, wanajifanya hawasikii.  Mwanawe yuko kule ndani na kitambaa machoni. "Kanjika ya Gorete ni tamu kuliko yangu," akasema.

"Watu wa kule chini hawajasikia."

"KANJIKA YA GORETE NI TAMU KULIKO YANGU! TENA ILIKUWA TAMU TANGU ZAMANI!"

Ilisikika mpaka sokoni. Bahati nzuri, wakati uleule uwanja ukalipuka. Zoada alikuwa amewapita watu watatu ubavuni mwa ubao, tik-tak, tik-tak, na kuupachika juu ya kipa. Moja moja. Kelele ya goli ikaimeza kelele ya kanjika, na mwamuzi hakujua lolote. Gorete akakitupa kiberiti ndani ya ndoo, akamshika Lindalva kichwa kwa mikono miwili, akambusu shavuni. "Nenda, komadre. Huku nabaki mimi. Atakayekohoa nitamla nyama."

Lindalva akarudi mbio kadiri mwili wake ulivyomruhusu. Njiani akamwona mlevi anafungua mdomo aimbe, akataka kumkemea. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu, na mkwaruzo kidogo mwisho wake. Akashika koo. Koo lililouza pamonha tangu ujana, lililogombana na padri na madaktari, lilikuwa limekwisha kabisa. Mlevi, kwa kuona tu uso wake, alifunga mdomo mwenyewe.

Akafika langoni akasimama. Mbele yake uwanja, nyuma yake Campina Grande, siku ya mkesha, mioto inawaka barabara zote na hakuna hata mtu mmoja anayepiga kelele. Uliweza kusikia kuni zinavyopasuka. Tuliokuwepo hatujawahi kusikia kitu cha namna ile, na baadhi yetu tuliona haya kupumua. Lindalva akatazama juu. "Haya, Yohane," akamwambia mtakatifu kwa midomo tu, "umenifundisha kwa nguvu, lakini nimejifunza." Akaingia.

Watu wakampisha, wakamwonyesha nafasi kwa mikono. Kumbe nafasi yenyewe ilikuwa nyuma ya goli la Curitiba, karibu na Rosicleide, palepale pa zamani. Na kabla hajashika vizuri waya wa uzio, Zoada akaangushwa. Filimbi. Penalti, na saa ya mwamuzi imekwisha.

Zoada akauweka mpira. Rosicleide akagonga mwamba huu, ting, akagonga mwamba ule, ting. Akasema, "Katikati yako hapa, kaka," akanyamaza. Zoada akasimama, akainua uso kidogo, akasikiliza. Ni kitu gani alichokuwa akisikiliza, wakati hapakuwa na kitu cha kusikika? Akatabasamu, meno yote nje, mpaka kocha Valmir akajiuliza kama ameumia kichwa alipoanguka.

Akaanza kukimbia. Kipa akaegemea kushoto.

Na Lindalva, baada ya nadhiri, baada ya miaka yote ya moshi nje ya lango, baada ya kuinyamazisha Campina nyumba kwa nyumba, akapanua mdomo wote, shingo ikamtoka mishipa, akapiga ukelele: "Kulia, mwanangu! Kulia!"

Haikutoka hata sauti ya kumwamsha inzi.

Zoada akapiga kushoto kwake, yaani kulia kwa mama yake, chini kabisa, na wavu ukatetemeka mbele ya pua ya Lindalva.

Weee! Ulimwengu ulipasuka. Uwanja kwanza, halafu mtaa, halafu mtaa wa pili, na makombora ya Gorete yakapanda yote kwa mpigo, maana alikuwa amewakataza wanawe kupunguza hata moja. Mzee Biu akaifungua kodiani kama alivyoahidi. Kengele ya kanisa nayo ikapigwa, na padri anajua mwenyewe kwa ruhusa ya nani. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho na hapakuwa na aliyeisikia. Wenzake wakambeba Zoada juu juu, wachezaji wa Curitiba wakamtafuta kwa mikono wamkumbatie, na yeye katikati ya vurugu ile akawa anauliza kitu kimoja tu. "Rosi! Mama yuko upande gani?"

"Umejuaje kama yupo?"

"Nani mwingine angeizima Campina? Halafu huko nyuma ya goli kunanuka mahindi yaliyomwagiwa maji."

Rosicleide akamshika kiwiko, akamleta kwenye uzio. Zoada akapitisha vidole kwenye waya mpaka akaipata mikono ya mama yake, yenye malengelenge ya jiko. Akavua kitambaa cha macho. Akangoja. Lindalva analia, mdomo unacheza, lakini hatoi neno.

"Mama, mpira umekwisha. Piga kelele sasa." Akangoja tena. "Mama? Mbona kimya?"

Akamsikia anakwaruza. Akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, jezi imejaa vumbi, mabingwa wenzake wamemzunguka wakiuliza kuna nini. "Jamani," akasema, "wamemwibia Zoada zoada yake!"

Lindalva naye akachutama upande wake wa uzio, akaweka midomo kwenye waya, karibu kabisa na sikio la mwanawe. Fataki zilikuwa zinalia juu yao, kodiani, ngoma, kengele na watu maelfu, lakini yale masikio hayakuhitaji zaidi ya pumzi.

"Nilikwambia kulia," akanong'ona.

"Kulia kwako au kulia kwangu, mama?"